Neno Nililomficha Mkwe Wangu

Naitwa Domisiana. Nakaa Kirushya, wilaya ya Ngara, karibu na kanisa la kigango. Nalima migomba na maharage kama wenzangu wote. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiwafundisha wanandoa wa parokia yetu kupanga uzazi kwa njia ya asili. Sikusomea udaktari. Nilihudhuria semina tatu, nikapewa chati na kalamu za rangi, nikaambiwa niende nikafundishe.

Watu husema nafundisha vizuri. Nawaacha waseme. Hawaijui habari ya Audax na Priscila, au wanaijua na wananihurumia.

Priscila ni mtoto wa kaka yangu. Kwetu, shangazi ndiye anayemfunda binti mambo ya ndoa. Mama mzazi hayasemi hayo, na baba ndiyo kabisa. Kwa hiyo Priscila nilimfunda mimi. Akaolewa na Audax, kijana mpole wa kutoka Murusagamba, anayelima na kufyatua matofali.

Basi Audax ni mkwe wangu. Heshima ya mkwe kwetu si mchezo. Tukikutana njiani, yeye husogea pembeni anipishe, nami natazama migomba ya watu kana kwamba nataka kuinunua. Mambo ya mwili hatuyataji kabisa, hata kwa kuzungukazunguka. Niliipenda heshima hiyo. Niliona inanifaa mtu wa umri wangu.

Mtoto wao wa tatu, Iteka, alizaliwa mwezi wa kumi kwa upasuaji. Siku ya kliniki niliwasindikiza Priscila na mumewe. Muuguzi wa zahanati yetu anaitwa Joyness. Alilitazama kovu la Priscila, kisha akawaketisha wote wawili.

"Kovu hili linahitaji muda," alisema. "Subirini angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Mimba ikija mapema, kovu linaweza kufunguka kwa ndani. Mama anaweza kufa, na mtoto pia. Hapa nina sindano, vijiti, vidonge na kitanzi. Mnataka niwaeleze?"

Audax alimtazama mkewe. Priscila akajibu.

"Dada, sisi ni Wakatoliki. Tutafuata njia ya asili. Shangazi ndiye mwalimu."

"Ni haki yenu," Joyness alisema. "Lakini mjifunze wote wawili. Na mjifunze sasa, msingoje."

Niliitikia kwa kichwa, kwa maringo. Mwalimu nilikuwa nimekaa pale pale.

Semina yangu ya wanandoa ilipangwa Jumamosi moja ya Januari. Wiki hiyo maharage yalikuwa yamekauka, na mvua ilikuwa inatishia kila mchana. Maharage makavu yakinyeshewa shambani huota ndani ya maganda. Kwa hiyo wanawake walikuwa shambani wanang'oa, nao wakawatuma waume zao semina. Nilikuta kwenye mabenchi wanaume tisa na wanawake wawili. Ningesema turudi nyumbani, tukutane baada ya mavuno. Sikusema.

Nilianza vizuri. Nilieleza kwamba mwili wa mwanamke una siku za rutuba, yaani siku za kushika mimba, na siku zisizo na rutuba. Nilieleza kwamba mume na mke wanaotaka kupumzika hujizuia siku za rutuba. Nilionyesha kalamu nyekundu. "Siku ya kwanza ya damu, weka alama nyekundu," nilisema.

Kilichofuata kilikuwa ute. Ute ndio moyo wa somo. Ni majimaji ambayo mwanamke huyaona na kuyahisi sehemu zake za siri. Yakiteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, rutuba imefika. Nilikuwa nimelisema neno hilo mbele ya watu wengi. Siku hiyo niliinua macho nikamwona Audax kwenye benchi la pili, kofia magotini, ananisikiliza.

Mkwe wangu. Nikakunja chati.

"Dalili nyingine mtaulizana na wake zenu nyumbani," nilisema.

Wanaume wakacheka. Mimi pia nikacheka. Moyoni nilijiambia, Priscila nitamfuata mwenyewe nyumbani kwake, nimweleze yaliyobaki. Watu walipokuwa wanatoka, Audax alinisogelea, macho chini.

"Mama, samahani," alisema. "Na kama hiyo nyekundu bado haijaonekana? Mtoto bado ananyonya."

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Lilitaka jibu refu, na jibu hilo lilikuwa na neno lile ndani yake. Nilikuwa tayari natazama njia.

"Basi subirini ionekane, ndipo muanze kuandika," nilimjibu. "Mengine nitakuja kumwambia Priscila."

"Ahsante, mama."

Sikwenda. Kwanza yalikuwa maharage yangu. Halafu palizi. Halafu Kwaresima, na kwaya, na msiba wa jirani. Nyumba ya Priscila iko ng'ambo ya bonde. Nikisimama uani kwangu naliona bati lake.

Mwezi wa kumi na moja alikuja yeye, Iteka mgongoni. Alinisalimia, nikaitikia, akakaa kwenye mkeka bila kumshusha mtoto.

"Shangazi, kila asubuhi natapika."

Nilimuuliza: "Hedhi yako ilirudi?"

"Haijarudi tangu Iteka azaliwe. Baba Iteka alisema ulimwambia tusubiri nyekundu. Chati iko nyuma ya mlango. Haina alama hata moja. Tukajua bado niko salama."

"Iteka alianza uji lini?"

"Miezi sita."

"Na kabla ya kutapika, hukuona majimaji? Ya kuteleza?"

Priscila aliinamisha kichwa. "Niliyaona. Mwezi wa nane. Yalikuwa yanavutika. Nilidhani ni ugonjwa. Niliona aibu kumwambia baba Iteka."

"Mbona hukuja kwangu, mwanangu?"

"Nilikuwa nakusubiri, shangazi. Alisema utakuja."

Hakulisema kwa ubaya. Afadhali angelisema kwa ubaya.

Siku iyo hiyo nilimpeleka kwa Joyness. Alipima, akathibitisha mimba. Hakunigombeza. Alieleza tu, polepole, na mimi nilikaa kama mwanafunzi.

"Kunyonyesha huzuia mimba ikiwa mambo matatu yote yapo," alisema. "Mtoto hajafika miezi sita. Ananyonya tu, mchana na usiku, hapewi uji wala maji. Na hedhi ya mama haijarudi. Moja likikosekana, ulinzi umekwisha. Tena rutuba hurudi kabla ya hedhi. Anayesubiri damu ndipo aanze kuandika, amechelewa."

Yote hayo nilikuwa nayajua. Yaliandikwa kwenye daftari langu la semina.

Tulifanya yaliyowezekana. Priscila aliacha kubeba mizigo na alihudhuria kliniki bila kukosa. Joyness aliwaambia waende hospitali mapema, wasingoje uchungu. Walipanga kwenda mwezi wa nne. Mwezi wa tatu, mimba ikiwa na miezi saba, maumivu yalimkamata kwenye kovu akiwa anamenya ndizi. Mvua ya masika ilikuwa imeharibu barabara. Gari tulilolipata lilikwama mara mbili. Audax alishuka kusukuma, akapanda ana matope mpaka shingoni.

Madaktari waliwahi kumfungua. Kovu lilikuwa limeanza kuachia. Priscila walimwokoa. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo mno, na hakuweza kupumua vizuri. Mchana wa siku ya pili muuguzi wa wodi aliniambia, "Mama, kama mnataka kumbatiza, mbatizeni sasa."

Audax alikuwa amekaa sakafuni. Nilimbatiza mimi, kwa maji ya chupa. Nilimwita Fideli, jina ambalo baba yake alikuwa amelichagua. Paji lake la uso lilikuwa dogo kuliko kidole gumba changu. Alifariki kabla ya saa kumi.

Baada ya mazishi, paroko alikuja nyumbani kwao. Audax alimuuliza bila kumzunguka.

"Padre, kama ningemruhusu achomwe sindano, mwanangu angekuwa hai?"

Paroko alivuta kigoda, akakaa karibu naye. "Sijui, Audax," alisema. "Sitakudanganya. Kanisa linafundisha kwamba tendo la ndoa linabeba mambo mawili pamoja, upendo wenu na mlango wa uhai. Linafundisha kwamba tusiyatenganishe kwa makusudi. Ndiyo maana halikubali sindano na vidonge vya kuzuia mimba. Lakini Kanisa halijasema mzae kila mwaka. Mkiwa na sababu nzito, kama afya ya mama, mnaweza kujizuia siku za rutuba. Mtu mmoja hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Na asiyefundishwa vizuri hawezi kuifanya kabisa."

Hakunitazama. Nilijua mwenyewe nimeguswa wapi.

Joyness naye alipita. Aliwaambia njia zake zote bado zipo zahanati, na hakuna atakayewalazimisha wala kuwacheka. Aliwaambia pia ukweli kwamba njia ya asili isipofuatwa sawasawa, mimba huingia. Walikaa wiki nzima wakiongea wawili tu. Kisha Priscila akanitumia ujumbe. Wanataka kujifunza upya.

Nilivuka bonde asubuhi ya Jumapili. Priscila alitaka tukae chumba cha ndani, mimi na yeye. Nilikataa.

"Mwite mume wako," nilisema. "Akae hapa."

Audax alikuja, akakaa kwenye kigoda, macho kwenye viatu vyake. Nikakunjua chati. Safari hii nilimtazama usoni.

"Mkwe wangu, kuna neno nilikuficha Januari ile. Nilikuonea aibu. Neno lenyewe ni ute."

Alishtuka. Priscila alijifunika mdomo kwa kitenge. Kisha hakuna kilichotokea. Paa halikuanguka. Nikaendelea.

"Ute ukiteleza na kuvutika kama wa yai bichi, hizo ni siku za rutuba. Siku ya mwisho ya kuteleza inaitwa kilele. Baada ya kilele mnasubiri siku tatu kamili. Anayejua hayo ni Priscila, kwa sababu mwili ni wake. Kwa hiyo kalamu atashika yeye, kila jioni, hata kama hedhi haijaonekana. Wewe kazi yako ni kuuliza, kusoma chati, na kuheshimu alichoandika. Mwezi wa kwanza mtalala kama ndugu, mpaka muijue chati vizuri."

Audax aliichukua chati, akaitazama. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mwezi wa nane ule, uliuona?"

"Niliuona."

"Ungeniambia, ningelala kwenye jamvi."

"Najua," Priscila alisema. "Sikujua cha kukwambia."

Hapo Audax alilia, mtu mzima, mbele ya mama mkwe wake. Nami nililia. Heshima yetu yote iliishia pale kwenye sakafu ya udongo, na sijaitafuta tena.

Niliwatembelea kila wiki kwa miezi sita, maharage yakauke yasikauke. Sasa miaka minne imepita. Chati za Priscila zinajaza madaftari matatu. Kovu lilipumzika miaka mitatu, si miwili. Priscila alipata nguvu, akarudi shambani, na Iteka ameanza shule. Mwaka jana, kwa kushauriana na daktari, waliamua kupata mtoto mwingine. Walikwenda hospitali wiki tatu kabla. Claudia alizaliwa kwa upasuaji uliopangwa, na mama yake alirudi nyumbani anatembea.

Semina zetu hazifanyiki tena wakati wa mavuno. Mume akija peke yake namrudisha, hata akiwa mwenyekiti wa kitongoji. Mke akija peke yake, naye namwambia akamlete mwenzake. Wanaume sasa wanafundishwa na Audax. Akifika kwenye neno lile, hunitazama, kisha hulisema kwa sauti mpaka benchi la nyuma. Wanaume huinamisha vichwa kidogo, halafu huanza kuuliza maswali.

Sijaona mtu aliyekufa kwa kulisikia. Aliyekufa kwa sababu sikulisema, nilimbatiza kwa mkono wangu.