Ng'ambo Ipi?

Ghorofa ya chini ya jengo la maduka ilikuwa imefurika watu, kila mmoja na simu yake iliyokorofika. Nyuma ya meza ya vioo, fundi simu alikuwa ameinamia kazi. Alivaa blauzi ya zambarau, nywele amezifunga juu kwa utepe mwekundu. Mikono yake ilikuwa imetulia tuli, lakini mguu ulikuwa ukicheza chini ya meza. Ndivyo alivyoumbwa. Hata usingizini, dada yake alisema, alikuwa anatembea.

"Fundi, nisaidie. Simu yangu imeoga."

"Imeoga au umeiogesha?"

"Imejitumbukiza mtoni yenyewe. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi tu juu ya daraja."

Fundi akainua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe la kampuni ya mikate, tope kwenye kiwiko na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa.

"Mtu mzima unalala kifudifudi darajani unatafuta nini?"

"Kikopo."

Akamweleza, huku watu wa nyuma wakiguna. Kuna mchezo, alisema. Mtu anaficha kikopo mahali, anakiweka kwenye ramani ya simu, na wengine wanakisaka. Ukikipata, unachukua kitu kilichomo na unaacha chako. Yeye ni dereva wa gari la mikate, anazunguka mashambani kila siku, basi akimaliza kugawa mikate anasaka. Leo alikuwa kwenye lile daraja la mawe la zamani, lililoinuka katikati kama mgongo wa paka aliyekasirika. Magari hayapiti tena pale, ni watu na baiskeli tu.

"Na ndani ya kikopo kulikuwa na nini?"

"Kifungo."

"Umeua simu kwa ajili ya kifungo?"

"Kifungo kizuri lakini."

Fundi alicheka, akajikasirikia kwa kucheka. Akachukua kile kipini chembamba cha kutolea laini, akaanza kuifungua simu.

Kesho yake kijana alirudi na mkate uliokuwa bado wa moto. Simu ilikuwa imefufuka. Alipoondoka, kipini hakikuonekana mezani. Fundi akampigia.

"Wewe mwizi, kipini changu kiko wapi?"

"Si wizi huo. Ni sheria ya mchezo. Nimeacha mkate."

Ndipo mambo yalipoanzia. Wenzake fundi kazini wakampachika kijana jina la Mikate, na Jumapili zikawa za kusaka. Walipekua mizizi ya miti, nyuma ya vibao vya barabarani, chini ya benchi la kituo cha treni. Fundi alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kutaka kuondoka. Mikate alimwita "kiberiti changu" na hakuwahi kumwambia atulie. Kwa hilo peke yake, fundi alimpenda.

Kisha bosi akaleta habari. Tawi jipya linafunguliwa katika mji wa mbali, na fundi ndiye aliyechaguliwa kulisimamia. Jibu linatakiwa Jumatatu. Fundi aliitaka kazi ile, na alimtaka Mikate. Akamwambia, akasubiri neno moja tu, nenda au baki au tuende wote.

"Tutaona," alisema Mikate.

Tutaona! Neno hilo lilimkaa fundi kooni siku zote zilizofuata. Jumamosi akashindwa kuvumilia, akaenda kwa shangazi yake anayeishi kijijini, juu ya kilima, kupita lile daraja. Hakumwambia Mikate. Angemwambia nini, kwamba anakwenda kumsema kwa shangazi? Jioni simu ikaita.

"Kiberiti, kesho mchana, daraja la mawe. Kuna kikopo kipya, sijakiingiza kwenye ramani. Nataka ukifungue wewe."

"Kina nini?"

"Nikikuambia utafungua nini tena? Nitakusubiri ng'ambo."

"Ng'ambo, haya. Usinicheleweshe."

Jumapili alivaa gauni la bluu lenye mikono mifupi na viatu vipya vilivyombana, maana mwanamke akiitiwa kikopo cha siri haendi na kandambili. Akateremka kilima, akavuka daraja kwa haraka, visigino vikigonga mawe. Ng'ambo hapakuwa na mtu.

Akaketi juu ya jiwe. Akasimama. Akakagua njia ya kutoka mjini, akaketi tena. Bondeni kule mtandao haukufika, na simu ilikuwa kama kipande cha sabuni mkononi. Alijiambia kwamba hatamtafuta mwanamume aliyemwita mwenyewe. Viatu vikamchuna, jua likahama, na neno "tutaona" likarudi na maana yake yote. Lori la mboga lilipotokea akaomba lifti hadi mjini.

Jumatatu asubuhi alimwambia bosi, "Nakwenda."

Mikate akampigia, fundi akaikata simu. Baadaye yeye akapiga, Mikate naye akakata. Fundi akaandika: *Asante kwa Jumapili.* Jibu likaja: *Asante wewe. Nimekuelewa.*

"Amenielewa nini huyu?" akafoka mbele ya wateja.

"Fundi, mbona siku hizi hatuoni mkate?" mwenzake akamchokoza.

"Nimeacha kula ngano."

Alifanya kazi wiki nzima kama mtu anayefukuzwa. Skrubu zilimponyoka, na usiku alikunja nguo, akazikunjua, akazikunja upya. Alikuwa na huzuni na hakutaka kuiita kwa jina lake.

Jumapili iliyofuata alikwenda kumuaga shangazi. Mama huyo alikuwa akichambua maharage kibarazani, akimtazama mpwa wake anavyozunguka.

"Kaa, mwanangu, unanitia kizunguzungu. Na yule mwanamume?"

"Aliniita darajani, hakuja. Ndiyo mapenzi yake hayo."

"Wanaume wa siku hizi. Afadhali yule wa baiskeli."

"Yupi?"

"Jumapili ile ile uliyoondoka. Alikaa pale chini mchana kutwa, amevaa shati jeupe limepigwa pasi. Jioni akapanda kuniomba maji. Anasema anasubiri mtu kutoka mjini. Uso umemshuka, maskini, nikampa na ndizi."

Fundi alisimama katikati ya kibaraza. Kwa mara ya kwanza mwaka ule, alikuwa ametulia kabisa.

"Alikaa upande gani, shangazi?"

"Huku kwetu. Ng'ambo."

"Ng'ambo ya wapi?"

"Wewe nawe! Ukitoka mjini si huku ndiko ng'ambo?"

Hakuaga. Alishuka kilima akikimbia, sketi ameishika mkononi, akapanda daraja hadi kileleni. Hapo juu vijistari viwili vya mtandao vikajitokeza. Akapiga. Simu ikaita hadi karibu akate tamaa.

"Unasemaje?" Sauti ilikuwa kavu.

"Jumapili ile ulikuwa upande gani wa daraja?"

"Ng'ambo. Kama nilivyokuambia."

"Ng'ambo ipi, wewe mwanamume?"

"Ng'ambo ni ng'ambo! Unatoka mjini, unavuka, unanikuta."

"Sikutoka mjini. Nililala kwa shangazi. Nilivuka, nikakaa ng'ambo yangu mpaka miguu ikatoka malengelenge."

"Usiniambie," akasema Mikate. "Nilikuwa chini ya tao na baiskeli yangu, naficha kikopo. Nikasikia viatu vinapita juu ya kichwa changu, ko ko ko. Nikasema moyoni, huyu mama anakwenda kugombana na mtu."

"Huyo mama ni mimi!"

Wakacheka wote wawili, na kicheko cha fundi kikageuka kilio bila kumwomba ruhusa.

"Kikopo kipo?"

"Kipo. Sikuwa na moyo wa kurudi kukichukua. Chini ya tao la kwanza, nyuma ya jiwe lililolegea."

Aliteremka, simu ikajikata. Akapapasa, akavuta jiwe, akafungua. Ndani kulikuwa na kile kipini chake cha kutolea laini, na pete nyembamba ikining'inia juu yake. Akaivaa palepale, akafungua utepe wake mwekundu, akauweka kikoponi, akapanda tena mbio hadi kileleni, akapiga.

"Kumbe 'tutaona' yako ilikuwa hii?"

"Sikutaka kuongea mikono mitupu."

"Lakini nimeshaikubali kazi. Nakwenda."

"Nenda. Kwani huko hawali mikate? Nitatafuta gari la kuendesha."

Fundi akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, pete ikamkwaruza shavu.

"Nakuja sasa hivi," alisema Mikate. "Nikukute wapi?"

Neno lile lilimfika fundi mdomoni, akalimeza.

"Katikati," akasema. "Na upite juu."