Kidoti Shavu la Kushoto

Yusufu alipitisha rola ya wino juu ya kibao cha mpera alichokichonga, akalaza pakiti ya khaki na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Ilikuwa ya hamsini. Tangu biashara ziachiwe huru, kila muuzaji wa Lushoto alitaka jina lake kwenye pakiti, na wachonga vibao walikuwa wachache.

Mwanaisha wa Gare aliingia na kitenge cha njano, akinukia iliki. Walijuana miezi minane nyuma, mfuko wake wa tangawizi ulipopasuka sokoni miguuni pa Yusufu. Jana Yusufu alimwambia kwamba kwenye pakiti za viungo vya chai alizoagiza Mwanaisha amemchonga mwanamke anayetaka kumwoa.

Mwanaisha akaiinua moja.

"Huyu ni nani?"

"Humjui?" Yusufu alicheka.

"Namjua sana. Tatu, muuza mapeasi. Ndiye mwenye kidoti shavu la kulia. Changu kiko kushoto. Miezi minane hukukiona?"

"Mpenzi, ngoja—"

"Mpenzi wako yuko kwenye mapeasi. Mpelekee pakiti zake!"

Akatoka. Yusufu hakuwa mwepesi wa maneno. Alifuta wino kwenye kibao, akakibeba, akamfuata stendi, akamkuta anasubiri gari la Gare.

"Shika. Kiangalie chenyewe."

Mwanaisha aliangalia. Kwenye mti, kidoti kilikuwa shavu la kushoto.

"Kwenye karatasi kila kitu hugeuka," Yusufu alisema. "Herufi nazichonga kinyume kwa mazoea. Wewe nilikuchonga kama ninavyokuona."

"Fundi mzima unasahau kugeuza?"

"Nilikuwa nakufikiria wewe, siyo kazi."

Mwanaisha alificha kicheko kwa ncha ya kitenge. "Na hizo hamsini za Tatu?"

"Nitafungia misumari."

"Na baba yangu?"

"Jumamosi nakuja Gare na mjomba."

"Basi uje na pakiti yenye sura yangu. Hiyo nyingine usimwonyeshe mzee."

Wakarudi kibandani. Yusufu alisimamisha kioo mbele ya Mwanaisha, akachora kwenye kibao kipya uso aliouona ndani ya kioo, kisha akachukua patasi. Jua lilipoegemea mlimani alikuwa amemaliza kilemba na jicho moja.

"Kidoti je?"

"Kesho," alisema, akikifunga kibao kwenye kitambaa. "Uje mapema. Bado sijakiangalia vya kutosha."