Intaneti Kabatini

Haya yote ni kweli tupu, hayakuongezwa chumvi hata chembe. Msimulizi anaapa, na akidanganya, ulimi umkauke kama kamba ya kuanikia nguo.

Fundi cherehani aliamka amechoka. Alilala amechoka, akaota anashona, akaamka hoi zaidi. Sebule yake ndiyo karakana yake: cherehani karibu na mlango, pasi mezani, na kabati kubwa la chuma la kutunzia vitambaa.

Matroni wa hospitali moja ya mbali alitaka kumpa kazi ya kushona sare za wauguzi. Lakini kwanza alitaka kuona mshono wake kwa simu ya video. Walikuwa wamejaribu mara moja, picha ikaganda. Asubuhi hiyo walijaribu tena.

"Fundi, umeganda tena!" matroni alisema. "Mdomo wazi, sindano juu. Unanitisha!"

"Nipo, mama! Nakuonyesha kola!"

"Kola ipi? Naona pua tu."

Sauti ikakatika. Picha iliganda muda mrefu hata buibui akatanda utando juu ya kioo cha simu. Kisha ujumbe ukaingia: "Nitapiga kesho asubuhi, mara ya mwisho. Tukishindwa, nitampa fundi mwingine. Samahani."

Fundi aliketi kama gunia lililotuliwa. Mumewe, aliyekuwa akipiga pasi, alijaribu kumtuliza.

"Usijali, mama watoto. Redioni wamesema mtandao mpya unakuja mwakani. Una kasi ya ajabu! Hujapepesa jicho, picha imefika."

"Mwakani, mwakani! Mwaka jana pia walisema mwakani. Nimechoka kuishi mwakani, baba watoto. Matroni anapiga kesho."

Jioni, jirani yao alirudi kutoka kazini akiburuta miguu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza minara ya simu. Fundi alimdaka nje.

"Jirani, mnara wenu unaumwa nini?"

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu zimeniishia."

Jirani alicheka kwa uchovu, akaingia. "Haya, nionyesheni kisanduku chenu cha intaneti."

Mume alivua ufunguo shingoni. Akafungua kufuli, akafungua kabati la chuma, akafunua vitambaa, akafunua blanketi. Kisanduku kilikuwa humo, kimewaka taa nyekundu, waya wake umepitishwa kwenye tundu la nyuma.

"Shemeji! Kimefanya kosa gani mpaka mkakifunga jela?"

"Wezi, shemeji. Na blanketi ni la kuzuia vumbi."

Jirani alikitoa. Kilikuwa cha moto.

"Sikilizeni," alisema. "Kisanduku hiki kina laini ya simu ndani yake. Hupokea mawimbi kutoka mnarani. Mawimbi hayo hupita hewani. Ukuta mnene huyapunguza. Chuma huyazuia. Na kisanduku kikifunikwa, hupata joto na kufanya kazi vibaya."

"Kumbe kinachoka kama mimi," fundi alisema.

"Lakini mtandao mpya ukija," mume aliuliza, "si utapenya popote?"

"Hata mimi naungoja kwa hamu. Huenda ukawaletea picha safi na kazi nyingi. Lakini mawimbi yale yanayoleta kasi kubwa hupenya ukuta kwa shida zaidi. Tena kisanduku cha zamani huenda kisiupokee. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua kingine. Na msiungoje kabatini!"

Walikipeleka dirisha la uani. Taa ikawa ya njano. Wakakipeleka dirisha la mbele, lililoelekea mnara. Taa ikawa ya kijani.

"Kiacheni hapo juu, mbali na maji na jua kali. Mkitoka, kizimeni mkifungie. Na wakati wa simu ya matroni, mwingine asitazame video. Wote mnatumia njia moja."

"Hata mpira?" mume aliuliza.

"Hata mpira, shemeji."

Mume alishusha pumzi kama aliyefiwa.

Kesho yake matroni alipiga. Picha ilitulia. Fundi alionyesha kola, akaonyesha pindo, akaonyesha mfuko.

"Ngoja hapo," matroni alisema. "Uzi umelegea kwenye mfuko."

Fundi nusura aruke. "Umeuona uzi, mama?"

"Nauona vizuri kabisa. Ukaze, kisha uanze kazi."

Fundi alikata simu, akaegemea cherehani, akafumba macho kidogo. Kisha akamwambia mumewe alete kitambaa.

Hadithi hii ilisomwa mbele ya fundi mwenyewe, akiwa katikati ya sare hizo. Alisimamisha cherehani.

"Mzee, buibui gani alitanda juu ya simu yangu?"

"Alikuwa mdogo," msimulizi alijibu.

"Mzee!"

"Basi, hakuwepo."

Fundi alimsogezea kikapu cha vifungo na sindano. Sare za hospitali nzima zilikuwa zimelala mezani, zote wazi kifuani. Msimulizi akavaa miwani, akaanza kushona.