Mwisho Uliouzwa kwa Maandazi Mawili

Kila Jumamosi, kabla umande haujakauka, Cheptoo alichuma majani ya chai pamoja na mama yake, kisha wakabeba vikapu vyao hadi banda la kupimia majani lililokuwa nje kidogo ya Kapsoit. Banda lenyewe lilikuwa nguzo nane, paa la mabati, na mizani moja iliyoning'inia kwenye boriti kama mbuzi wa Krismasi. Chini ya mizani hiyo alisimama karani mwenye kofia ya buluu, mtu mkubwa kuliko chifu, kwa maoni yake mwenyewe.

"Kilo kumi na moja," karani alitangaza asubuhi moja mwaka wa 1995. "Toa mbili za maji. Tisa."

"Lakini mvua haijanyesha tangu juzi," mama yake Cheptoo alisema.

"Umande ni maji, mama. Ama kwenu umande ni unga?"

Mara sauti ileile ya karani, na kikohozi chake kilekile, ikatoka nyuma ya foleni: "Toa mbili za maji, moja ya kikapu, na moja ya sura yangu nzuri!"

Watu waliangua kicheko. Karani aligeuka kwa hasira, lakini aliyemwona ni Onyancha tu, mvulana mwembamba wa darasa la saba, akitazama mawingu kwa unyenyekevu mkubwa.

Hapo ndipo mchezo ulipozaliwa. Cheptoo aliuandika nyuma ya daftari la hesabu, mahali ambapo mwalimu hakufika. Katika mchezo huo, karani anampunja bibi kizee kila siku. Mwishoni bibi anavua kitambaa cha kichwa, na kumbe ni inspekta wa mizani! Onyancha angekuwa karani, Cheptoo angekuwa bibi, na wanafunzi wenzao, Wilkista na Kipkorir, wangekuwa wakulima, askari, na ilipobidi, ng'ombe.

Wanne hao walimwendea Mzee Kipngeno, mwenyekiti wa kamati ya banda, kumwomba nafasi.

"Mnataka watu watoe pesa kuwatazama nyinyi?" mzee aliuliza.

"Shilingi tano, mzee. Watoto, shilingi mbili," Cheptoo alijibu. "Tutagawana sisi wenyewe tulioigiza."

Mzee alikuna kidevu. "Nicholas mwenye video ananiomba banda hili pia. Basi nawapa Jumapili moja. Mkijaza mabenchi yote kumi, banda ni lenu kila mwisho wa mwezi. Msipojaza, atalichukua Nicholas na jenereta yake. Sitaki kilio."

Usiku Cheptoo alikosa usingizi kwa furaha. Tangu azaliwe, kila alichochuma kilipimwa na kupunguzwa. Hiki kingekuwa kitu chake cha kwanza ambacho hakuna mtu angekipunguzia kilo mbili.

Kikundi kilitunga katiba yenye kifungu kimoja: hakuna kuonyesha mchezo kabla ya siku yake. Kwa kuwa hawakuwa na Biblia karibu, waliapa kwa kutafuna jani bichi la chai bila kukunja uso. Wilkista alikunja. Kipkorir alitema. Onyancha alitafuna taratibu, amefumba macho, kama askofu.

Wakafanya mazoezi wiki tatu katika zizi la kina Wilkista, na ng'ombe hawakulalamika.

Jumapili ikafika. Mchezo ulipangwa saa saba, kwa sababu huku mvua ya saa tisa hutunza wakati kuliko mwalimu mkuu. Watu walitoka kanisani kwa wingi. Cheptoo alichungulia kupitia pazia la magunia. Umati ulikuwa umejaa nje, kwenye nyasi. Ndani, mabenchi mawili tu yalikuwa na watu, na mmoja wao alikuwa amelala.

Cheptoo alitoka nje na shali yake ya bibi kizee. "Karibuni ndani! Tunaanza!"

"Si ni ile ya bibi ambaye ni inspekta?" mtoto mmoja aliuliza. "Tumeshaiona."

"Umeiona wapi?"

"Kwa Mama Bochaberi. Onyancha huionyesha kila jioni kando ya karai la mandazi. Hata mwisho ametuonyesha." Mtoto akaiga kuvua kitambaa cha kichwa. Aliiga vizuri, na hilo liliuma zaidi.

Cheptoo alirudi nyuma ya pazia. Onyancha alikuwa akirekebisha kofia ya buluu kwa bidii ya ghafla.

"Onyancha, ni kweli?"

"Nilikuwa... nafanya mazoezi."

"Mbele ya mandazi?"

"Mama Bochaberi alisema nikionyesha kidogo, wateja watasimama. Alinipa moja kila jioni. Nilidhani watu watapenda, waje wote." Akaivua kofia, akaizungusha mkononi. "Mwisho sikutaka kuutoa, haki ya Mungu. Ijumaa akasema nitapata mbili."

"Uliuza mwisho wetu kwa mandazi mbili."

"Zilikuwa za moto," Onyancha alisema kwa sauti ndogo.

Cheptoo aliona afadhali angeibiwa na mgeni. Mwizi mgeni hajui unapoficha kitu, lakini huyu alikaa naye zizini wiki tatu, akashika mkia wa ng'ombe wakati Wilkista alipokuwa akisoma maneno yake. Alitaka kuvua shali na kwenda nyumbani. Kisha akaona, kando ya njia, Nicholas akikagua nguzo za banda kwa macho ya mtu anayepima mahali pa kuweka televisheni.

"Vaa kofia vizuri," alimwambia Onyancha. "Tunaanza."

Walicheza. Watu wa mabenchi mawili walimalizia maneno kabla ya waigizaji kuyasema. Ilipofika zamu ya kuvua kitambaa, watoto wa nje walipiga kelele, "Inspekta! Inspekta!"

Cheptoo hakuvua kitambaa. Alinyoosha mkongojo wake kuelekea mizani. "Karani, kila siku unatupima sisi. Leo ning'inia wewe."

Onyancha alibabaika. Haikuwa kwenye daftari. "Eh... bibi?"

"Ning'inia!"

Akashika ndoano kwa mikono miwili na kuinua miguu. Nje, kelele zilikatika. "Hii hatukuonyeshwa!" mtu alisema. Benchi la tatu likajaa, kisha la nne. Wilkista alikimbia ukingoni mwa banda kupokea shilingi.

"Kilo thelathini na tatu," Cheptoo alisoma. "Toa mbili za kofia. Toa kumi za ahadi uliyotafuna kama askofu. Toa tano za mandazi ya kila jioni."

Watu walicheka hadi mabati yakatikisika. Hata Mama Bochaberi alicheka, kisha akakumbuka na kufunika uso kwa leso. Onyancha hakucheka. Machozi yalimtiririka, na mikono yake ikiwa juu, hakuweza kuyapangusa.

"Na hayo ni maji," Cheptoo alisema bila kutabasamu. "Toa mbili."

Vicheko vilipaa tena. Alingoja vitulie. "Sasa niambie, karani. Tukishatoa yote hayo, rafiki yangu amebaki kilo ngapi?"

Onyancha aliachia ndoano, akaanguka kwa magoti. "Hakuna kilichobaki," alisema. "Niliwauza. Nisamehe."

Watu walisimama na kupiga makofi wakisema kijana huyu anajua kuigiza. Mabenchi yote kumi yalikuwa yamejaa, na wengine walikuwa wameegemea nguzo. Saa tisa kamili mvua iliangukia mabati.

Mzee Kipngeno aliwafuata nyuma ya pazia. Yeye hakudanganyika, alikuwa amemsikia yule mtoto. Onyancha alimweleza yote bila kuficha, kisha akasema hataki fungu lake la shilingi.

"Hilo ni sawa," mzee alisema. "Banda ni lao, nilivyoahidi. Kama na wewe umo, aseme Cheptoo."

Cheptoo alikunja shali yake polepole. "Sijamsamehe bado," alisema. "Lakini mazoezi ni Jumatano. Na ataanza na hili." Alimpa jani bichi la chai, kubwa kuliko la kwanza. Onyancha alilitafuna, na safari hii alikunja uso wote hadi masikio.

"Sikilizeni," mzee alisema. "Mkulima akiuza majani yake barabarani kabla hayajafika mizani, hupata sarafu leo, na siku ya malipo hutazama wenzake wakihesabu. Hayo ni yake, shauri yake. Lakini hili lilikuwa kapu la watu wanne, Onyancha. Kazi ya wote haiuzwi na mmoja. Ungesema una njaa, hawa wangekununulia mandazi. Lakini kuaminiwa hakukaangwi popote kando ya barabara. Hukuzwa kama mchai: miaka kuota, dakika moja kung'olewa."

Kisha akainama, akamnong'oneza Cheptoo: "Mwezi ujao mtaigiza nini? Niambie mimi tu."

"Lipa shilingi tano, mzee," Cheptoo alijibu, "uje uone."