Tairi Lisilotoboka

Tairi lilipita juu ya kitanda cha miiba bila kulalamika. Ilikuwa miiba ya mgunga, mirefu kama kidole, imesimamishwa ncha juu kwenye sakafu ya karakana, na katikati yake ilichanganywa misumari na vipande vya chupa. Mashine ya majaribio ililisukuma tairi huku na huko ikilikandamiza kwa uzito wa pikipiki, dereva na sanduku la mzigo. Kila mwiba ulipozama, ute mweusi uliojificha ndani ya mpira ulikimbilia penye kidonda ukaganda, na upepo haukutoka hata wa kuzima mshumaa. Kisha sakafu ikageuzwa kuwa lami. Meno ya kashata, yale yanayong'ata matope na kokoto, yakajivuta ndani ya mpira, na uso wa tairi ukawa laini, tayari kwa mwendo wa kasi. Wageni wakapiga makofi.

Atuganile Mwakyoma, mhandisi aliyelibuni, hakupiga makofi. Alisimama kando ya mlango, miguu imemvimba, akiomba kimoyomoyo wageni waondoke mapema avue viatu. Miaka sita alikuwa akipigana na pancha, na siku ya ushindi ilimkuta hana hata nguvu za kutabasamu. Wenzake karakanani waliliita tairi-jitibu. Yeye aliliita "hili jambo", kama mtu anavyoliita deni au ugonjwa.

Sumbawanga ya wakati huo ilikuwa jiji kweli. Malori yalijiendesha yenyewe hadi bandarini Kasanga, na hospitali kuu ilikuza damu ya binadamu kwenye mitungi. Tabu ilikuwa kuifikisha damu hiyo chini, Bonde la Rukwa. Ndege nyuki, zile zisizo na rubani, zilipigwa na upepo wa mteremko wa Lyambalyamfipa zikabamizwa kwenye majabali. Roboti zenye miguu zilijikwaa kwenye kokoto, na kila iliyoanguka ilibidi inunuliwe nyingine. Binadamu akianguka hujiinua mwenyewe, akajipangusa, akaendelea. Kwa hesabu hiyo isiyo na haya, Shirika la Usambazaji liliwapandisha watu kwenye pikipiki za umeme, zile ndefu zinazokwenda lami na vumbi pia.

Sasa pikipiki ya namna hiyo ilikuwa na kasoro moja tangu enzi za mababu: uivalishe kiatu gani? Aliyefunga tairi za lami aliteleza bondeni kwenye tope. Aliyefunga kashata alitetemeka njia yote ya juu, na kashata zikalika upesi kama sabuni. Ukijaza upepo mwingi, mawe yanakurusha. Ukipunguza ili tairi lishike mchanga, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, inapasuka. Juu ya hayo, kuna miiba. Atuganile aliyajua haya kwa uchungu, maana mdogo wake Tusajigwe alikuwa nesi huko bondeni, Muze, akajifungua hukohuko, akatokwa na damu hadi akakata roho huku dereva wa damu akijaza upepo kwa pampu ya mguu njiani. Hakumlaumu dereva. Alilichukia tairi, akalichukia kila siku ya miaka ile sita.

Habari zilifika wageni wakiwa bado wanakunywa soda. Mkurugenzi Kisesa wa Shirika, mtu mwenye sauti ya upole hata anapofukuza watu kazi, alikitazama kioo cha taarifa kilichokuwa mkononi mwake, akamvuta Atuganile pembeni.

"Mmoja wa wale madereva wetu wa majaribio, Wilibrod Sichalwe. Ametoka nje ya barabara akirudi kutoka Muze. Amefariki."

"Mungu wangu! Na damu?"

"Ilishafika. Sanduku lilikuwa tupu." Kisesa akasoma tena. "Tairi zote mbili zimekutwa nzima, upepo kamili. Basi hatumo lawamani, Mhandisi. Wiki ijayo pikipiki zote zinafungwa tairi hizi kama tulivyopanga."

Atuganile alishusha pumzi kusikia tairi ni nzima. Mara moja akajionea aibu, kwa kuwa mtu amekufa na yeye anashukuru mpira.

Asubuhi yake aliteremka bondeni kwa gari la karakana, akiwa na Kasiano Nswima, dereva aliyekuwa rafiki wa marehemu na mwenzake katika majaribio. Kasiano alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, macho mekundu kama mpishi wa kuni. Walipofika palipotokea ajali, Atuganile alishuka akaikagua barabara. Palikuwa mahali panyoofu, si kona wala shimo. Alama ya tairi ilitoka barabarani taratibu, kama mtu anayeacha njia kwenda kuchuma kitu, ikapita kwenye nyasi, ikaishia penye mwamba. Hapakuwa na alama ya breki.

Hatua chache mbele ulikuwepo mti wa mninga wenye kivuli kipana. Atuganile alipafahamu mahali hapo ingawa hakuwahi kupakanyaga. Kabla ya kubuni tairi lake, alikusanya tyubu zote zilizotobolewa, akauliza kila moja ilitobokea wapi. Nyingi mno zilitobokea hapa. Akahitimisha kwamba hapa pana miiba mikali kuliko kwingine, akaongeza unene wa ute kwa ajili ya mahali hapa hasa. Sasa alizunguka, akainama, akafunua nyasi. Palikuwa na mininga, miyombo, na udongo mwekundu.

"Kasiano, baba, mbona hapa hakuna mgunga hata mmoja?"

Kasiano aliketi kivulini, kofia ngumu mapajani. Akaingiza vidole kwenye kitambaa cha ndani ya kofia, akatoa mwiba wa mgunga, mkavu, umeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Migunga iko kule chini ziwani, mama. Tunaibeba."

"Mnaibeba ya nini?"

"Ya kulala."

Akaeleza bila kumtazama. Safari zao zilipangwa na Mratibu, akili mnemba iliyokaa ndani ya kila pikipiki na kuongea sikioni mwa dereva. Ukisimama, Mratibu anakuuliza sababu. Ukisema umechoka, anakukubalia kwa maneno mazuri, ila safari zinazofuata anampa mwingine, na baada ya muda jina lako halipo. Lakini ukisema pancha, Mratibu hana neno. Anakupa muda wa kuziba. Anakwambia na pole.

"Basi wakati wa kurudi, ukiona kichwa kinazama, unafika hapa kwenye kivuli, unachoma tairi la nyuma, unalala. Ukiamka unaweka kiraka, unakwenda kwa mkeo ukiwa mzima. Ndivyo walivyotufundisha waliotutangulia, nasi tukawafundisha wengine. Kila mtu ana mwiba wake kofiani."

"Na damu je?" Sauti ya Atuganile ilipanda. "Mnachoma tairi na watu wanasubiri damu?"

Kasiano aligeuka haraka. Alikuwa amekasirika kwa mara ya kwanza. "La! Hiyo ni haramu. Ukiwa na damu huchomi, hata ungekuwa unakufa. Yupo mmoja aliwahi kuchoma akiwa na mzigo, sisi wenyewe tulimnyang'anya ufunguo, hakuna aliyempa mkono tena. Pancha za kwenda zilikuwa za Mungu. Za kurudi ndizo zetu."

Atuganile akakaa chini kwenye vumbi, na gauni lake la kazi. Pancha kwake ilikuwa pancha. Hakuwahi kuuliza kama tyubu ilitoboka ikienda au ikirudi. Alibuni dawa moja kwa magonjwa mawili, na mmojawapo haukuwa ugonjwa.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie nini, mama? Kwamba tunaharibu mali ya Shirika kwa makusudi?" Kasiano aliutazama mwiba. "Wilibrod alilichoma hili lako, wiki ile ya kwanza. Mara tatu. Linajiponya. Akaja akaniambia, kaka, tairi hili halina huruma. Tukacheka sana siku hiyo."

Atuganile alilia pale, wazi, bila kujificha. Kasiano alimwacha alie, kisha akamsaidia kuinuka.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Mkurugenzi Kisesa alilala kwenye vitanda vizuri. Alimsikiliza Atuganile mpaka mwisho, mikono imekunjwa mezani.

"Unataka niwape mapumziko."

"Wakirudi tu, sanduku likiwa tupu. Saa moja kivulini, Mkurugenzi. Hiyo saa walikuwa nayo tayari, ila hatukujua."

"Hospitali imeshaahidiwa safari nyingi zaidi kwa sababu ya tairi lako. Na wanunuzi wa tairi kutoka Lusaka wanafuatilia kila pikipiki yetu kwenye kioo chao. Nikiweka saa ya kulala, wataniuliza tairi linafaa nini." Alitabasamu kwa upole. "Kama unaona linaua, sema. Tutaliondoa, turudi kwenye tyubu. Damu ichelewe kama zamani. Wewe ndiye unayejua inavyokuwa damu ikichelewa."

Alikuwa amegusa palepale. Atuganile hakuweza kusema liondolewe. Akilini alimwona Tusajigwe. Kuliacha tairi libaki ni kuwaua wanaolala kwenye usukani, kuliondoa ni kuwaua akina mama bondeni, na yeye alikuwa amechoka kiasi cha kutamani mtu mwingine yeyote aamue kwa niaba yake. Hakutokea mtu.

Alirudi karakanani akavua viatu. Tairi-jitibu lilikuwa na hisia: nyuzi nyembamba ndani ya mpira zilizopima mtikisiko wa njia ili lijue lini litoe meno na lini liyafiche. Nyuzi hizohizo, akafikiri, zinausikia mkono wa dereva. Mtu aliye macho hurekebisha usukani kidogokidogo, wakati wote, bila kujua. Anayesinzia huliacha gurudumu litangetange, kisha hushtuka na kulivuta kwa nguvu. Tairi lingeweza kumtambua mtu huyo kabla yeye mwenyewe hajajitambua. Lilikuwa limemsikia na Wilibrod, ila hakuna aliyekuwa amelifundisha la kufanya.

Akaanza kulifundisha. Sanduku likiwa na mzigo, lifanye kazi yake ya siku zote, likaze, lizibe, lifike. Sanduku likiwa tupu na mkono ukilegea, basi lifungue ute wake na kuachia upepo. Liwe la nyuma tu, maana la mbele likiisha upepo linamwangusha mtu. Lifanye hivyo polepole, mpaka pikipiki iwe nzito na kuyumba kiuno, dereva ashtuke, asimame. Kisha limwambie Mratibu kwamba limetoboka, na baada ya muda wa kutosha lijizibe na kujijaza. Alilijaribu mwenyewe uwanjani, akiendesha macho yamefumbwa nusu na mikono imelegea kusudi, huku mlinzi wa getini akimtazama kwa mashaka. Upepo ulipoanza kutoka chini yake alipata hisia asiyoitegemea. Alikuwa amejifunza kuuzuia kwa miaka sita, na sasa kuuachia kulimpa raha kama ya kuvua mzigo kichwani.

Hakumwambia mtu. Wiki ile pikipiki zote zikafungwa tairi, hotuba zikasomwa, na yeye akatajwa kuwa mwanamke aliyeizika pancha.

Mchana wa siku ya kwanza aliteremka tena na gari la karakana. Njiani alipishana na pikipiki zinazoshuka na damu, zimejaa mwendo, meno ya tairi yakitoka na kuingia kadiri njia ilivyotaka. Mbele zaidi, kwenye mwinuko usio na jina, aliiona moja imesimama pembeni imeelekea mjini. Tairi la nyuma lilikuwa limelala kabisa kwenye rimu. Karibu yake, kichwa juu ya mkoba, Kasiano alikuwa amelala chali, mdomo wazi, nzi akitembea shavuni bila kufukuzwa. Ndani ya kofia ngumu iliyotundikwa kwenye usukani, Mratibu alikuwa akisema na hewa: "Pole kwa hitilafu. Endelea na matengenezo."

Atuganile alizima gari mbali kidogo, akatembea hadi pale, akaketi kwenye jiwe. Alimfukuza yule nzi kwa leso. Ndipo simu ikalia, akaipokea haraka.

"Mhandisi!" Mara hii upole wa Kisesa ulikuwa umeisha. "Lusaka wamenipigia. Kuna pikipiki inaonyesha pancha. Pancha! Siku ya kwanza! Niambie ni kosa la kioo."

"Si kosa la kioo. Niko hapa, naliona. Limetoboka."

"Ulisimama mbele za watu ukasema halitoboki! Wanataka kujua kama tulijua. Jina lako liko juu ya tairi hilo, si langu. Niwaambie nini?"

Kasiano aliguna usingizini, akageukia upande wa pili, akavuta mkoba vizuri chini ya shavu. Atuganile aliufunika mdomo wake na simu kwa kiganja, akashusha sauti.

"Waambie nilikosea," alinong'ona. "Na tafadhali, Mkurugenzi, usipige kelele. Kuna mtu amelala hapa."