Zaina Amfuata Hemedi Njia ya Banalia

"Hemedi, miye nauliza jambo moja tu. Unakuya lini? À toi."

Baada ya kumpa zamu kwa lile "à toi", Zaina aliachia kitufe, akasogeza sikio. Kipaza kilikoroma, kikapiga miluzi, kisha sauti ya Hemedi ikatoka kwa mbali, kutoka upande wa Banalia.

"Zaina chérie, niko karibu kukuya. Ngoja kidogo. Iko kintu kimoja natengeneza. À toi."

"Kintu gani? À toi."

"Siwezi kusema kwa phonie. À toi."

Kwenye benchi nyuma yake, watu waliokuwa wakingoja zamu walitazamana. Chumba cha Tonton Cyprien kilikuwa kidogo na mashine yake ya phonie, redio ya kuzungumza na watu wa mbali, ilikuwa na kipaza kikubwa, kwa hiyo aliyetaka kuzungumza na ndugu wa mbali alizungumza naye mbele ya kadamnasi. Hapo ndipo Kisangani ilipojua nani kajifungua, nani kafiwa na nani kaachwa.

"Ramadhani ile ulisema ngoja kidogo," Zaina alisema. "Ramadhani ingine imepita, bado ni ngoja kidogo. Papa amechoka kujibu batu. Miye pia nimechoka. Hemedi, uko na muke mwingine kule? À toi."

Benchi zima likasogea mbele. Mama mmoja aliyekuwa akimbembeleza mtoto aliacha kumbembeleza.

"Muke? Muke gani? Zaina, hapa niko na Mama Angélique tu. Ananipikia, ananifulia, lakini yeye iko..."

Sauti ikakatika. Cyprien alizungusha vifundo, akagonga mashine ubavuni, akatikisa kichwa.

"Betri imekufa upande wa kule," alisema kwa huruma. "Pole, mama. Amesema Mama Angélique. Tumesikia wote."

Zaina alitoka nje akijikaza asilie. Hakuwa mtu wa kulia ovyo. Alikuwa muuza mchele katika soko kuu, na sauti yake ilijulikana tangu mlango wa kwanza. Alinunua mpunga kwa wakulima waliokuja na mitumbwi, wanawake wakautwanga uani kwa baba yake huko Kabondo, naye akauza. Ndoto yake ilikuwa moja: kukoboa kwa mashine. Tayari alikuwa amenunua mashine kuukuu ya kukoboa kutoka shamba moja lililoachwa na wenyewe. Haikuwa na injini. Ilikaa uani kama mgeni asiyeondoka.

Hemedi alikuwa fundi cherehani, na suti za abacost alizoshona zilivaliwa na wakubwa. Mahari ilikuwa imezungumzwa, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana. Kisha serikali ikaruhusu kila raia kuchimba almasi, na vijana wa mji mzima wakaacha kazi zao wakaingia msituni. Hemedi alifunika cherehani yake kwa kitambaa, akaja kuaga.

"Siwezi kukuoa kama mutu wa kawaida," alimwambia siku ile. "Nataka nyumba ya simenti pale Makiso kwa batajiri, na balcon, baraza ya juu. Batu wakipita waseme, huyu ndiye bibi ya Hemedi."

"Miye sitaki batu waseme. Nataka turudi nyumbani mangaribi tumechoka wote wawili, tucheke."

"Utacheka kwa balcon," alijibu Hemedi, akaondoka.

Jioni ya siku ile ya phonie, kabla jua halijazama, rafiki yake Safi aliingia uani bila kubisha hodi.

"Zaina, kaa chini."

"Nimekaa."

"Iko mutu ametoka njia ya Banalia. Amemuona Hemedi. Anaishi kwa kijiji kimoja kule, amenenepa, na batoto ya pale wanamuita papa."

Zaina aliendelea kupepeta mchele, ila pumba na mchele sasa vilikuwa vinaanguka pamoja.

Papa Abdulhamid, aliyekuwa kwenye mkeka wake na wageni kama kila jioni, alisikia. Mzee huyu alijulikana Kabondo yote kwa mkeka huo. Aliyefika saa yoyote alikuta sahani. Kwake yeye, mtu tajiri ni yule asiyekula peke yake, basi.

"Zaina," alisema, "ile posa nitairudisha kesho."

"Hapana, papa. Nitaenda kule kwanza. Nataka aniambie mwenyewe, nikimuangalia kwa macho."

"Mwanamuke hatembei peke yake mu ile njia."

"Donc twende wote."

Mzee aliwatazama wageni wake, kana kwamba mmoja wao angemwokoa. Hakuna aliyemwokoa.

Kesho yake alfajiri walipanda kamyo ya Benoît, fundi na dereva aliyeleta kahawa mjini kutoka upande ule. Mzee alikaa mbele, Zaina juu ya magunia matupu. Njia haikuwa njia tena, ilikuwa mashimo yaliyounganishwa kwa matope. Mara kwa mara walishuka wote kukata matawi na kuyatupa chini ya magurudumu. Kamyo ilipokwama, mzee alishika koleo mwenyewe, kanzu ameikunja mpaka magotini.

"Papa, wacha Benoît afanye."

"Kama nikikuta ana muke," mzee alisema akichimba, "hii koleo nitakuwa nimeizoea."

Zaina alicheka bila kutaka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana.

Walifika kijijini mchana, watu wakitoka mashambani. Kitu cha kwanza Zaina alichokiona ni motokari nyeupe, ndefu, ya milango minne, imeegeshwa chini ya paa la makuti kando ya njia. Kuku walikuwa wametaga kwenye sehemu ya mizigo. Pembeni, kwenye kiti cha gari kilichowekwa chini, Hemedi alikuwa anashona kaptula ya mtoto kwa mkono, na watoto wamemzunguka.

Aliinua macho, na sindano ikamwanguka.

"Zaina."

"Iko wapi muke yako?"

"Muke gani?"

"Angélique."

Bibi mmoja mwenye mvi tupu, mgongo umepinda, alitoka jikoni akifuta mikono.

"Ni miye Angélique," alisema. "Karibuni. Ndiye huyu Zaina? Mwanangu, kila siku Zaina, Zaina, mpaka kuku zangu zinajua hilo jina."

Papa Abdulhamid aliweka koleo chini polepole.

Hemedi hakuwa na pa kukimbilia, akasema yote. Alikuwa amepata jiwe, na zuri. Aliliuza kwa mnunuzi mmoja kulekule machimboni, na kwa sehemu kubwa ya malipo akanunua motokari ile. Akaendesha kurudi nyumbani akiimba. Hapo mbele ya kijiji gari likaingia shimoni na mtambo wa nyuma unaozungusha magurudumu ukavunjika. Tangu hapo alikuwa akiagiza kipuri mjini, na kila kipuri kilichofika kilikuwa cha gari lingine.

Zaina alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa, Hemedi, ulishindwa kusema haya kwa phonie?"

"Ungejua, na mji wote ungejua. Nilitaka unione nikishuka. Nasimama mbele ya mulango ya papa, nafungua mulango ya motokari, nashuka. Nilikuwa naona ile siku kila usiku."

"Na miye nikiitwa muke aliyeachwa. Kwa sababu weye unataka kushuka."

"Weye unaona mali ni kelele na vumbi ya mpunga," Hemedi alisema, naye sasa amekasirika. "Miye nimekua kwa nyumba ya udongo. Kila mvua tulikuwa tunahamisha kitanda. Ni vibaya kutaka bibi yangu akae pazuri?"

Zaina hakuwa amewahi kumsikia akitaja kile kitanda.

Mama Angélique aliwaita kula. Alileta lituma, ndizi za makemba zilizopondwa zikashikamana kama inavyopaswa, na samaki wa mtoni. Kijiji kizima kilikaa na wageni. Mmoja alionyesha shati aliloshonewa na Hemedi, mwingine alisimulia jinsi alivyomfundisha mwanawe kukata kitambaa. Papa Abdulhamid alikula, akapiga gumzo, akasahau koleo kabisa.

"Zaina," alisema akilamba vidole, "umeona? Huyu kijana iko tajiri tayari. Angalia hawa batu. Nini ingine anatafuta?"

"Papa, utajiri wako wa mkeka, ni nani aliyekuwa anaupika?"

Mzee aliacha kutafuna.

"Ni mama, Mungu amrehemu," Zaina akaendelea, kwa sauti ya chini. "Mgeni akifika mangaribi, mama anawasha moto. Mgeni akifika alfajiri, mama anawasha moto. Hata alipokuwa mgonjwa. Batu walikusifu weye. Nilikuwa mutoto lakini niliona."

Mzee aliutazama mkono wake uliokuwa na chakula, kisha akautua kwenye sahani.

"Ni kweli," alisema baadaye. "Alinikataza kukuambia kwamba amechoka. Na miye nikaitikia, kwa sababu ilinifaa."

Zaina alimsogezea kikombe cha maji. Hakutaka kumuumiza, alitaka tu wanaume hawa wawili waone ile ndoto yake ya kelele na vumbi ilitoka wapi: kwenye uchovu wa mama yake.

Hemedi aliinuka, akaenda kwenye motokari. Kila siku muda huo kijiji kilimngoja awashe gari, redio isikike. Aligeuza ufunguo, na injini ikaitika mara moja, ikatulia, ikawa inanguruma kwa sauti nene, safi. Zaina aligeuza kichwa.

"Hiyo inazunguka?"

"Moteur iko mzima. Ni nyuma tu imevunjika."

"Benoît," Zaina aliita, "moteur kama hii inaweza kuzungusha mashine ya mpunga?"

Benoît alichomoa mwiba wa samaki mdomoni, akaenda kuinamia injini, akaisikiliza.

"Ukiifunga kwa chuma, ukavuta na mukaba, mkanda ya mpira, itazungusha hata mbili."

Hemedi alielewa kabla ya wote. Aliweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Unataka niivunje."

"Nataka ikuye Kisangani. Nzima haifiki, hata ungoje mpaka uote mvi kama Mama Angélique."

"Na miye nitashuka ndani ya nini?"

"Ndani ya kamyo ya Benoît. Pamoja na miye, na matope mpaka kwa magoti. Miye ndiye nitakuwa najua umetoka wapi."

Redio ilikuwa inapiga muziki wa Kinshasa na watoto walishaanza kucheza. Hemedi alifunga mlango wa motokari taratibu, akamgeukia Benoît.

"Alors, uko na funguo za kufungulia?"

"Muniachie nyumba yake," Mama Angélique aliingilia, akimaanisha bodi ya gari. "Kuku wamezoea."

Ndoa ilifungwa Kabondo mwezi uliofuata, na waliofika walikuwa wengi kuliko walioalikwa. Benchi zima la phonie lilikuja, kila mmoja akitaka kumwona huyo Angélique. Naye alikuja juu ya kamyo na kapu la mayai, akaketishwa kwenye kiti cha heshima. Wengi walimsalimia kwa aibu kidogo.

Uani, injini ilikuwa imefungwa juu ya vyuma, mukaba umevutwa, na mashine ya kukoboa imepakwa mafuta, lakini Zaina alikataa iwashwe kabla ya ndoa. Alikuwa ndani na wanawake, ameketi nyuma ya pazia, hina mikononi, Safi akimshika bega. Sauti ya shehe iliwafikia vizuri.

"Mahari ni nini?"

Walikuwa wamekubaliana vitenge na msahafu, kama desturi ya ukoo. Zaina alingoja kusikia vitenge.

"Ni vitenge na msahafu," Hemedi alisema. Kisha akakohoa. "Na ile moteur."

Nje kukawa na minong'ono. Shehe akauliza tena, akidhani hakusikia.

"Moteur," Hemedi akarudia. "Yote. Isiandikwe ya sisi wawili. Ni yake. Hata tukigombana, hata nikifa, ndugu zangu wasiiguse."

Papa Abdulhamid, aliyekuwa mbele ya shehe, aliinamisha kichwa na kufuta macho kwa ukingo wa kanzu. Nyuma ya pazia Safi alimfinya Zaina.

"Umesikia?"

Zaina, yule asiyelia ovyo, alikuwa ameharibu wanja wote, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka shehe akaomba nafasi ya kumaliza.

Baada ya pilau, mzee mwenyewe ndiye aliyepita na birika la chai kwa wageni. Alijaza vikombe vingine mpaka vikamwagika, maana hakuwa na mazoea, na hakukubali mtu ampokee. Hemedi aliruhusiwa kuingia ndani kwa bibi harusi. Alikaa pembeni yake, kanzu aliyoishona mwenyewe imemkaa vizuri.

"Umeniliza mbele ya batu," Zaina alisema.

"Pole."

"Na balcon yako?"

"Bado naitaka."

"Itakuya. Mpunga utaijenga, polepole." Alimtazama kwa pembeni. "Lakini Hemedi, umenipa moteur yote. Siku nikikasirika nikakufukuza, utabaki na nini?"

Hemedi alitazama uani, mashine ilipokuwa.

"Sitaenda mbali," alisema. "Ile mashine itahitaji mutu wa kuitia mafuta kila asubuhi."

"Basi usichelewe," Zaina alisema, akaweka mkono wake wenye hina juu ya wake. "Miye naamka mapema."