Hakuomba Talaka

"Mzee, hii karatasi umeisoma?"

Karani wa mahakama, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliisukuma ile hati juu ya kaunta. Ilikuwa imekunjwakunjwa na kuingia doa la gundi ya mbao.

"Nimeisoma," alijibu Baba Pacha.

"Yote?"

Fundi seremala yule akatazama chini. Kusema kweli, alisoma mstari mmoja tu, ule wenye jina la mkewe na lake. Damu ikampanda, akaitupa kwenye droo ya misumari, akawa anamwambia kila mteja kwamba mkewe anadai talaka. Mama Pacha alikuwa ameshaondoka mwezi mzima, yeye na mabinti zao mapacha, akapanga vyumba viwili karibu na hospitali anakofanya uuguzi.

"Siku zako za kujibu zinaisha kesho," karani alisema. "Usipojibu, kesi itasikilizwa bila wewe. Hakimu ataamua kwa maneno ya upande mmoja."

"Sasa nijibu nini, mama? Mtu akishataka talaka utamfunga kamba?"

"Talaka gani? Mkeo hajaomba talaka. Ameomba kutengana."

"Si yaleyale?"

"Yangekuwa yaleyale, yasingekuwa na majina mawili. Talaka inavunja ndoa. Mkitengana kisheria bado ni mume na mke, ila kila mtu anakaa kwake. Watoto wataishi wapi, watatunzwa vipi, vyote vinaandikwa. Mkipatana, mnarudi hapa kuomba amri iondolewe. Mkishindwana kabisa, ndipo mmoja anafungua kesi ya talaka. Na kabla ya hakimu mtaitwa kwa msuluhishi. Haya, anayefuata!"

Alikuwa bado kwenye ngazi za mahakama simu ilipoita. Kaka yake mkubwa.

"Umeshaichana hiyo karatasi?"

"Sijaichana."

"Mdogo wangu, kuwa mwanamume. Wewe nyamaza tu. Mwanamke ukimnyamazia, anarudi mwenyewe."

Baba Pacha akaketi palepale. Maneno hayo aliyabeba tangu siku ya harusi. Akikasirika, hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Alinuna. Wiki, mara nyingine mwezi. Na alijiona mstaarabu.

"Kaka, nimenyamaza miaka kumi na mmoja. Amerudi wapi?"

Akakata simu, akaifungua ile hati na kuisoma hadi mstari wa mwisho. Vidole vyake vinene vikahangaika na herufi: "Nimesoma karatasi. Yote. Naomba tuonane."

Jibu lilikuja baada ya saa mbili: "Kesho saa saba mchana. Nina nusu saa."

Walikutana kwenye benchi nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka yakipepea kwenye kamba. Mama Pacha akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Umekonda," mumewe alisema.

"Nimechoka."

"Kwa nini hukuniambia kwamba ni kutengana tu?"

"Mahakama imekuletea hati mkononi, ukatia sahihi kuipokea. Ulitaka nije nikusomee pia?"

Aliona jinsi mkewe alivyomtazama, kama mtu anayemjua mgonjwa wake na dawa anayoikataa.

"Nitajie kosa langu," akasema kwa shida. "Nataka nilisikie."

"Siku baba yangu alipofariki, ulikuwa umeninunia siku ya tisa. Kisa, nimejiandikisha masomo ya ukunga bila kukuuliza. Nikapigiwa simu pale jikoni, nikalia mbele yako. Ukainuka, ukaenda kupiga mbao randa. Mazishini ulibeba jeneza, watu wakakusifu, wakasema nimepata mume. Lakini mimi hukuniambia hata pole."

Upepo ukapeperusha mashuka.

"Nilitaka kusema. Lakini ukishanuna siku tisa, hata mwenyewe hujui utatokea wapi."

"Mimi nilijua pa kutokea. Nikatoka."

"Bado unanipenda?"

"Baba Pacha, nimechoka kukubembeleza. Ningekuwa nimemaliza nawe, ningeomba talaka, na ningeshinda. Kwa sasa naomba nipumue."

"Pole kwa msiba wa baba," akasema. Miaka miwili ilikuwa imeshapita.

Mama Pacha akafunika macho kwa kiganja. Alikaa hivyo mpaka nusu saa yake ikaisha.

"Asante," akasema, akavaa viatu, akarudi wodini.

Alasiri ile, kabla ofisi hazijafungwa, Baba Pacha aliandika jibu lake mwenyewe: hapingi. Mbele ya msuluhishi wakakubaliana kwamba mapacha wakae na mama, mwisho wa wiki waende kwa baba, matunzo yagawanywe, na kaka yake Baba Pacha asiwe msemaji wa mtu. Hakimu akatoa amri.

Nyumba ikawa kubwa. Kila jioni alimpigia mkewe simu, hata kama ni kuuliza tu mabinti wamekula. Simu nyingine hazikumaliza dakika. Siku moja wakagombana kuhusu shule ya mapacha, hasira ikampanda, ugonjwa wake wa zamani ukamwita. Akavuta pumzi.

"Nimekasirika," alisema. "Nikiendelea nitanuna. Nitakupigia saa moja usiku tumalize."

Saa moja kamili akapiga.

"Kumbe unajua kusema umekasirika!" Mama Pacha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetoka zamu. Baba Pacha hakulala vizuri siku hiyo kwa furaha.

Mwezi wa kumi na mmoja tangu amri itolewe, akiwa anapaka mlango vanishi, ujumbe ukaingia: "Jumatatu sina zamu. Nataka twende mahakamani."

Brashi ikamwanguka. Akapiga hapohapo.

"Mama Pacha, niambie ukweli. Unakwenda kuomba talaka?"

"Nakwenda kuomba ile amri iondolewe. Ila nina masharti."

"Yataje."

"Kwenye simu hayaishi. Njoo unichukue mapema, tutembee kwa miguu."

Jumatatu wakatembea. Masharti yalikuwa kumi na manne. Kila moja, Baba Pacha alilijibu kwa sauti.